Mkaa wa Baba Nilioutia Majini

Jamani, leo nimejiaibisha. Si ile aibu ya kuteleza sokoni au kumpungia mkono mtu usiyemjua. Nimejiaibisha nyumbani kwetu Itetemia, Tabora, kwenye arobaini ya baba yangu mzazi, mbele ya ukoo mzima, mbele ya katekista, na mbele ya sufuria kubwa kuliko zote za jumuiya yetu.

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, jua halijazama bado. Vidole vyangu ni vyeusi na simu nayo imekuwa nyeusi. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla binamu zangu hawajawafikia. Wao wataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni Skola. Nilimaliza chuo mwaka jana, shahada ya misitu. Utafiti wangu wa mwisho ulihusu mkaa: kwa nini mti huu hutoa mkaa mzito unaokaa jikoni, na mti ule hutoa mkaa mwepesi unaoisha maharage yakiwa bado magumu. Kazi sijapata. (Msiniulize kuhusu kazi. Mkiniuliza nitafikiria wiki nzima mlikuwa na maana gani.)

Baba alikuwa mchoma mkaa. Alichoma mkaa ili nisome, na mimi nikaenda kusomea mkaa. Siku nilipomweleza kwa simu kichwa cha utafiti wangu, alisema, "Si ungeniuliza tu?"

Nilidhani anatania. Sikumuuliza.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote ya leo yametokana na sentensi moja. Siku ya mazishi nilimsikia Mzee Maganga akizungumza na mwenzake nje ya turubai. Mzee Maganga ana banda la nyama choma karibu na stesheni, na alinunua mkaa kwa baba miaka mingi. Alisema hivi: "Mathias alikuwa mtu safi. Ila mwisho mwisho, ule mkaa wake, hapo aliniangusha. Alikuwa anachanganya."

Mchoma mkaa akiambiwa anachanganya, ni kama muuza maziwa kuambiwa anatia maji. Maana yake anaweka mkaa mzuri juu ya gunia na takataka chini. Baba yangu alikuwa ndani, kwenye jeneza, hawezi kujibu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikaendelea kugawa chai. Kwa siku arobaini nimekuwa nikijibu kichwani, kila siku jibu jipya, na kila jibu zuri kuliko la jana.

Leo ilikuwa nafasi yangu ya kumjibu kweli.

Mama alikuwa amesema tangu wiki iliyopita kwamba siku ya arobaini wali utapikwa kwa mkaa wa baba. "Siku yake, apikiwe kwa mkaa wake." Yalikuwa yamebaki magunia mawili stoo, na tangu baba afariki mama hakuyagusa. Alikuwa anapikia kuni. Nami nikawaza: Mzee Maganga atakuja, atakula wali uliopikwa kwa mkaa wa Mathias, ataona ulivyoiva, na mdomo wake utafungwa bila mimi kusema neno. Jambo jepesi kabisa.

(Kwangu hakuna jambo jepesi. Mnanifahamu.)

Saa kumi na mbili asubuhi mama akanipa ufunguo wa stoo. Akasema, "Subiri kidogo nije nikuonyeshe." Akaitwa kupokea mbuzi. Nikasubiri kama dakika tano. Dakika tano zinatosha sana kwa mtu kama mimi. Nilisimama mlangoni mwa stoo nikiangalia barabara ya zamani inayopita mbele ya nyumba yetu, ile ya misafara, iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Babu wa baba alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu mpaka Bagamoyo, na aliporudi alikuja na kokwa za maembe kwenye mkoba wake, akazipanda hapa. Ndivyo tunavyosimuliwa. Miembe mitatu kwa mstari. Nilikua nayo. Kila nilipofungua shule, baba alinisimamisha kwenye mwembe wa katikati akanipima urefu.

Sasa umebaki mmoja. Miwili ni visiki. Niliviona niliporudi kutoka chuo, nikadhani watu wa umeme wameikata kwa ajili ya nyaya. Nilisikitika, nikaenda kuoga.

Basi, pale mlangoni swali likaniingia. Na kama Mzee Maganga alisema kweli? Na kama baba alichanganya? Nikiuweka mkaa mbovu chini ya wali leo, mbele ya watu wote, nitakuwa nimemuumbua baba kwa mikono yangu. Nikaona lazima nipime kwanza. Kimyakimya. Kisayansi.

Nikaingia. Magunia yote mawili yalikuwa yamefungwa mdomoni kwa kamba ya gome, kama baba alivyofunga siku zote. La kwanza lilikuwa na fundo moja. La pili lilikuwa na mafundo mawili. Nililiona hilo. Naapa nililiona. Nikajiambia huenda gome lilikuwa dhaifu, nikakata kamba zote mbili kwa kisu.

Nikachukua vipande vitatu, nikavitia kwenye ndoo ya maji. Wazo langu lilikuwa hili: mkaa wa mti mgumu ni mzito, utazama, mkaa wa mti laini ni mwepesi, utaelea. Vyote vitatu vikaelea.

 Nikasema, baba, kumbe.

Halafu nikamkumbuka mwalimu aliyesimamia utafiti wangu. Alikuwa na tabia ya kuandika pembeni mwa kila ukurasa wangu, kwa wino mwekundu: sampuli haitoshi. Vipande vitatu ni nini? Huwezi kumhukumu mzazi wako kwa vipande vitatu. Na vyote nilivitoa kwenye gunia moja. Kwa hiyo nikafanya kama tulivyofundishwa. Nikayamwaga magunia yote mawili kwenye mabati, nikachanganya kwa koleo, chini juu, juu chini, ili sampuli iwakilishe. Halafu nikaanza kuutia mkaa kwenye nusu pipa la kuoshea vyombo, lililokuwa limejaa maji. Nilitia, nikatazama, nikatoa, nikatia mwingine.

Mlioelewa mapema, nawaomba mnyamaze. Mimi nilikuwa sijaelewa.

Nilimaliza mkaa wote. Wote ukaelea, isipokuwa kipande kimoja. Hicho kilizama mara moja, tena kwa heshima, moja kwa moja mpaka chini. Nilifurahi karibu nilie. Nikaingiza mkono mpaka kwenye bega, nikakitoa, nikakivunja nione umbile lake.

Ndani kulikuwa na msumari.

Nikautia mfukoni. Nikasimama pale, mkono mweusi mpaka kwapani, na ndipo nikakumbuka jambo ambalo niliandika mwenyewe kwenye utafiti wangu, sura ya pili: mkaa una vitundu vingi vilivyojaa hewa, hivyo ukiutia majini huelea, wa mti mgumu na wa mti laini. Niliandika. Nilipiga chapa. Nilijibu swali kuhusu hilo mbele ya walimu watatu.

Kwa hiyo sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa nimeosha mkaa.

Saa mbili ilikuwa imefika. Nikautandaza juu ya mabati nyuma ya nyumba, nikamuomba Mungu wa Tabora alete jua, na jua likaja. Kufika saa nne ulionekana mkavu kabisa. Kwa juu.

Shangazi Modesta, dada yake baba, alikuja na treni juzi kutoka Bukene, na ndiye alikuwa mkuu wa jiko. Yeye hana maneno mengi. Alinikuta nimesimama katikati ya mlango wa uani nimeuziba kama mlinzi.

"Mkaa uko wapi?"

"Unakuja, shangazi. Unapumzika."

"Unapumzika?"

Nikaona nipoteze muda kidogo ili jua liongeze kazi. "Shangazi, unajua mti umeundwa na vitu vitatu vikubwa. Kuna selulosi, hiyo ni kama nyuzi. Kuna hemiselulosi, hiyo huwahi kuungua, inaondoka na moshi tanurini. Halafu kuna lignini, ndiyo gundi inayoshika zile nyuzi. Mti wenye lignini nyingi huacha mkaa mwingi. Ndiyo maana mtundu na muyombo, ile miti ya miombo aliyokuwa akichoma baba..."

"Skola."

"Abee."

"Wali unataka moto. Hiyo gundi utanieleza kesho."

Nikabeba mkaa.

Katekista alikuwa ameanza sala chini ya turubai. Mpango ulikuwa yeye asali, sisi tuimbe, kisha watu wale saa saba. Nyama na maharage vilikuwa kwenye kuni upande wa pili, na vilikwenda vizuri, kwa sababu mimi sikuvigusa. Wali ulikuwa kwenye majiko makubwa ya chuma, na mimi ndiye niliyekuwa mtia mkaa. Nilijitolea. Nilikataa kusaidiwa.

Mwanzoni ulishika vizuri. Vipande vingine vilikuwa vyepesi, vimekauka haraka, vikawaka kwa pupa, moto mkubwa mpaka shangazi akarudi nyuma. Mchele ukachemka kama unafukuzwa. Nikamtafuta Mzee Maganga kwa macho kule turubaini. Alikuwa mstari wa pili, kofia mkononi. Nikajiambia, tazama, mzee. Tazama moto wa Mathias.

Dakika chache baadaye vile vyepesi vikaisha. Vikawa majivu. Vikabaki vile vizito, na hivyo vilikuwa bado na maji tumboni. Havikuwaka. Vilitoa mlio mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Chini ya sufuria wali ulikuwa umeungua, katikati ulikuwa uji, juu ulikuwa mchele wa dukani.

Shangazi akafunua, akatazama, akafunika. "Mwambie katekista asifunge sala."

Katekista ni mtu mwema. Aliposikia jiko limechelewa, akatuongezea rozari. Halafu litania ya watakatifu wote. Halafu akawaombea wagonjwa, wasafiri, wakulima wa Urambo na tumbaku yao, mvua, na mwisho, nilisikia kwa masikio yangu, akaiombea reli.

"Tupalie," shangazi akasema. "Labda moto wa juu utauokoa."

Kupalia mnakujua: unafunika sufuria kwa sinia la bati, unaweka mkaa wa moto juu, wali unaiva kwa joto la pande zote mbili. Nikachota vile vipande vizito, ambavyo sasa vilikuwa vyekundu upande mmoja, nikavipanga juu ya sinia. Nikavipuliza. Na wakati ule ule Mzee Maganga akanyanyuka kwenye kiti chake akaja jikoni, pengine amesikia harufu ya kuungua, yeye moto ndiyo kazi yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huu ndio mkaa wa Mathias?"

Kabla sijajibu, mkaa ukajibu. Kipande cha kwanza kilipasuka pa. Cha pili pa, pa. Cheche zikaruka kwenye khanga ya shangazi. Shangazi akaruka nyuma, akapiga sinia kwa kiwiko, sinia likainama, na mkaa wote, mwekundu na mweusi na majivu yake, ukamiminika ndani ya wali wa arobaini ya baba yangu.

  Kule turubaini wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Mzee Maganga akaokota kipande kimoja pembeni ya jiko, akakigonga kwa ukucha, akakivunja. Akanusa. "Umelowa huu."

"Umelowaje?" shangazi akauliza huku akipangusa khanga. "Stoo inavuja?"

Nikasema, "Haivuji."

"Sasa?"

Wote wakafuata macho yangu, maana macho yangu hayajui kutunza siri, mpaka kwenye lile nusu pipa lenye maji meusi kama wino.

"Skola. Umeuosha mkaa?"

"Nilikuwa napima uzito wake, shangazi."

"Umeuosha."

Neno likaondoka jikoni likaenda turubaini kwa miguu yake. Nililisikia likipita kiti kwa kiti. "Eti ameosha." "Ameosha nini?" "Mkaa." "Huyu wa chuo?" "Ndiye." Bibi mmoja mwenye sikio zito akauliza kwa sauti iliyofika barabarani, "Kwa sabuni?"

Mama ndipo alipotoka ndani. Hakuniangalia mimi. Aliangalia magunia matupu, akayainua moja moja, akakagua pale yalipofungwa.

"Kamba ziko wapi?"

"Nilikata, mama."

"La fundo moja lilikuwa lipi, na la mafundo mawili lipi?"

"Niliyachanganya."

Mama akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alikaa namna ya mtu aliyefika mwisho wa safari na kuambiwa si hapa. Nikapiga magoti mbele yake kwa sababu sikujua nifanye nini na miguu yangu.

"La mafundo mawili lilikuwa mwembe," akasema.

"Mwembe gani?"

Akaelekeza kidevu barabarani, kwenye visiki.

Akanieleza, polepole, na shangazi yupo, na Mzee Maganga yupo na kile kipande mkononi. Kwamba mwaka wangu wa mwisho chuoni miguu ya baba ilivimba, akashindwa kwenda msituni. Kwamba alikaa wiki nzima akiitazama ile miembe. Kwamba alianza na wa mwisho, na ulipokwisha akaja kwenye wa katikati, na aliukata kidogo kidogo, siku nyingi, akikata amekaa kwenye kigoda. Alijua mwembe ni mti mwepesi na mkaa wake hauna subira. Kwa hiyo kila gunia la mwembe alilifunga mafundo mawili, la miombo fundo moja, na kila mteja alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe: hili la kuwashia, hili la kupikia, usiyachanganye.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema Skola ukimwambia ataanza kufikiria, na mitihani iko karibu."

 Ni kweli, ningeanza kufikiria.

"Na lile la fundo moja," mama akaendelea, "lilikuwa la mwisho la mtundu alilowahi kulitoa msituni. Walikuja kulinunua akakataa. Alisema ni la pilau ya siku tutakayokupongeza kwa digrii yako. Tulikuwa tunangoja apone."

Sasa hapo, jamani, ndipo nilipotamani kwenye ile barabara ya misafara upite msafara wowote, unibebe kama mzigo, unipeleke popote.

 Mzee Maganga akakohoa.

"Mama Skola," akasema, "mimi aliniambia. Aliniletea magunia mawili, akanionyesha mafundo. Nilikuwa na wateja, nikaitikia tu. Nikayamwaga yote kwenye pipa moja bandani." Akakitazama kile kipande. "Halafu nikasema ni yeye."

Akageuka. Nilidhani anaondoka. Akatembea mpaka mbele ya turubai, kando ya katekista, akaomba nafasi, akavaa kofia halafu akaivua tena.

"Ndugu zangu. Siku ya mazishi nilisema maneno hapa, na wengine mliyasikia. Nilisema marehemu alichanganya mkaa. Nimekuja kuyafuta. Mathias hakuchanganya hata kipande. Duniani kuna watu wawili tu waliochanganya mkaa wa Mathias. Mmoja ni mimi." Akaninyooshea mkono, taratibu, bila ubaya. "Mwingine ni yule pale mwenye digrii yake."

Ndivyo nilivyotambulishwa kwa ukoo. Nimepiga magoti, kidevu cheusi, mkono mweusi mpaka kwapani, gauni jipya la arobaini lina ramani ya Afrika ya mkaa.

Kwanza hakuna aliyecheka, ni msiba. Halafu yule bibi mwenye sikio zito akamuuliza jirani yake, "Kwa hiyo haikuwa sabuni?" na turubai zima likaangua kicheko. Katekista alijificha nyuma ya kitabu chake cha sala. Shangazi Modesta alishika nguzo. Na mama yangu, ambaye kwa siku arobaini hakuonyesha hata jino, alicheka akiwa amekalia ndoo, alicheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa analia, na sikujua ni wapi kimoja kiliishia na kingine kikaanza. Nikamshika. Nikamchafua naye.

Wali uliokolewa kwa kuni. Shangazi aliondoa ule wa juu wenye majivu, akaacha ule wa chini ulioungua, akautoa wa katikati, akaumalizia kwenye kuni. Watu walikula saa tisa na nusu. Jina la baba lilikuwa safi na sahani zilikuwa na weusi kidogo. Hakuna aliyelalamika, ila kila aliyepita kunawa mikono aliniuliza kama maji ni yale yale.

Wageni walipopungua, Mzee Maganga akaja hapa nyuma, akakaa kwenye kigoda cha baba, akaanza kuuchambua mkaa uliobaki. Anagonga kipande kwa kipande na kusikiliza. Ule wa mtundu unalia kama kengele ndogo. Wa mwembe unasema tu, tuk. Hakutumia maji wala mizani. Nikakaa, tukachambua pamoja.

"Mathias ndiye alinifundisha," akasema. "Wewe hakukufundisha?"

"Sikumuuliza."

Tukagonga, tukagonga.

"Na huko chuoni mnasemaje? Mwembe ni mkaa mbaya?"

"Hapana, mzee. Kilo kwa kilo, joto lake halipishani sana na la mtundu. Ila ni mwepesi. Gunia zima linabeba kilo chache, na unaisha upesi."

Akagonga kipande cha mwembe. "Basi si mbaya. Ulikuwa na haraka tu."

Akaniachia mirundo miwili, akaenda kumuaga mama. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, nikakuta ule msumari.

Nimeutazama muda mrefu. Mwanzoni nilidhani umetoka kwenye ubao fulani. Sasa nakumbuka. Baba hakunipima kwa kukata alama ya kisu kwenye gome. Alisema gome la mwembe huziba, mwaka ukiisha huoni kitu. Alikuwa akinisimamisha pale, viatu vipya vya shule, anaweka kiganja juu ya kichwa changu, na pale kiganja kilipogusa mti anagonga msumari. Mti uliimeza ile misumari mmoja mmoja ukiendelea kunenepa, na mimi nikasahau kwamba imo.

Sijui huu ni wa darasa la ngapi. Nilitaka kwenda kuupima kwenye kisiki, lakini kisiki kinanifika gotini, hapakuwa na mahali pa kuuweka.

Nimechukua zile kamba za gome nilizozikata asubuhi. Nimezitafuta zote kwenye takataka. Rundo la mtundu nimelirudisha kwenye gunia, ni kidogo, halifiki hata nusu, nimelifunga fundo moja. Mama amesema litakauka, litatosha pilau ndogo ya watu wawili. La mwembe nimelifunga mafundo mawili. Fundo langu si zuri kama lake, ila linashika.

Basi ndiyo hayo. Mkitaka kucheka chekeni, mama mwenyewe ameshacheka, siwezi kuwazuia ninyi. Ila mkirudi nyumbani mkakuta kisiki mahali palipokuwa na mti, msiende kuoga kwanza. Ulizeni siku hiyo hiyo, wakati aliyeshika shoka bado yupo wa kuwajibu.